Januari Ianzie Ofisi ya Walimu

Desemba ikielekea ukingoni, habari za kufungua shule huwa ni sare, madaftari na viatu. Mwalimu hatajwi, kana kwamba huhifadhiwa kabatini na kutolewa Jumatatu ya kwanza akiwa amepigwa pasi. Mwongozo huu ni wa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania pamoja na Afisa Elimu Kata wake. Mkuu wa shule ya sekondari naye ataufuata kwa kubadilisha mambo machache. Msimamo wangu ni mmoja: jambo lolote la walimu, liwe mafunzo au afya, lisipoingia kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani halitafanyika.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya kugawa vipindi

Wiki mbili kabla ya kufungua, andika majina ya walimu watakaokuwepo kweli. Nani amehama? Nani yuko likizo ya uzazi? Nani anastaafu kabla ya Juni? Shule nyingi huchukua mgawanyo wa mwaka uliopita, zikabadilisha tarehe juu, kisha Februari zikagundua kwamba hisabati ya darasa la sita haina mwenyewe.

Ukimaliza vipindi, panga zamu. Mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye watoto mia moja ambao bado wanalilia mama zao, asipewe zamu ya wiki ya kwanza. Kama kuna mwalimu wa ajira mpya, mteulie mwenyeji miongoni mwa walimu: wa kumwonyesha chumba cha kupanga, duka linalokopesha bila maneno mengi, na gari la kwenda mjini linapita saa ngapi. Hilo humtuliza kuliko hotuba ya makaribisho.

Hatua ya 2: Weka mihtasari mezani

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, na unapanda darasa kwa darasa. Kwa hiyo kila Januari kuna mwalimu anayekutana na muhtasari asioujua. Aliyezoea Maarifa ya Jamii sasa ana Historia ya Tanzania na Maadili, na mwenzake ana Jiografia na Mazingira. Mpe kila mmoja muhtasari wa darasa lake kabla ya kumdai azimio la kazi. Nakala ikikosekana, vitabu na mihtasari viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Chapisha nakala moja ya ofisi, maana si kila simu ina bando.

Waambie pia mapema kuhusu 2027. Walioingia darasa la tatu 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Anayefundisha madarasa hayo mawili anastahili kupunguziwa kazi nyingine kuanzia sasa.

Hatua ya 3: Ipe MEWAKA siku na saa

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yalibuniwa ili mwalimu ajifunze akiwa shuleni kwake pamoja na wenzake, katika jumuiya za kujifunza. Wazo ni zuri. Linapokufa, huuawa na ile kauli ya "tutakutana tukipata nafasi". Nafasi haiji. Tafuta siku ambayo wanafunzi hutoka mapema kidogo, tuseme Jumatano saa nane mchana, mara moja kila wiki mbili, kwa saa moja tu. Iandike kwenye ratiba kuu kama kipindi kingine chochote.

Siku ya kwanza msianze na moduli. Anzeni na madaftari. Kila mwalimu alete matano ya wanafunzi wake, myasome pamoja mkitafuta kosa linalojirudia. Pengine mtakuta darasa la tano wanashindwa kugawanya kwa tarakimu mbili, au la tatu wanasoma maneno bila kuelewa sentensi. Chagueni kosa moja, kisha tafuteni moduli ya TET inayolihusu. Mmoja aandae somo la dakika 40 na kulifundisha, wengine wawili au watatu wakae nyuma ya darasa wakiangalia. Kikao kinachofuata mnalijadili.

Kwenye mjadala wekeni sharti: watazamaji waeleze wanafunzi walifanya nini, si mwalimu alionekanaje. "Wale wa dirishani waliacha kuandika ulipogeuka ubaoni" ni taarifa inayosaidia. "Ulikuwa na wasiwasi" haimsaidii mtu. Mdhibiti Ubora wa Shule ana kazi yake na fomu zake, lakini mwenzako hakuja kukagua. Ili walimu waamini hilo, somo la kwanza la mfano lifundishwe na mwalimu mkuu mwenyewe. Najua wapo watakaokwepa kwa kisingizio cha kuitwa halmashauri. Asiyekubali kutazamwa asiwatume wengine kutazamwa.

Msiahidiane posho. Semina za posho zimewazoesha walimu kuhesabu mafunzo kwa bahasha, na jumuiya ikianza kwa soda na biskuti itakoma fedha za uendeshaji zikichelewa. Chai ya kawaida ya ofisini inatosha.

Hatua ya 4: Malizeni mambo ya mifumo kwa siku moja

Tengeni mchana mmoja kabla ya wanafunzi kuingia. Kila mwalimu ahakikishe nywila yake ya ESS, mfumo wa huduma za mtumishi, inafanya kazi, majukumu yake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi, yamejazwa na taarifa zake binafsi ni sahihi. Januari ni katikati ya mwaka wa serikali, kwa hiyo aliyeacha tangu Julai atakuwa na mrundikano. Mwalimu kijana anayejua kompyuta awasaidie wakubwa, nao wasimfanye karani wao wa mwaka mzima.

Hatua ya 5: Mwite muuguzi wa zahanati

Zungumza na mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu, omba muuguzi aje asubuhi moja na mashine ya presha na vipimo vya sukari. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi irudiwe siku nyingine, na ikibaki hapo mwalimu aende akaonane na daktari, hata kama hajisikii vibaya. Ugonjwa wa presha hauna kelele. Meza ya vipimo iwe chumba cha pembeni, na mwalimu mkuu asisimame karibu nayo, kwa kuwa majibu ni ya mwenye mwili.

Siku hiyohiyo kila mmoja ahakiki wategemezi wake katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri na nusu ya mwalimu, na unamhudumia yeye, mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Makosa ya majina hugunduliwa usiku wa manane mtoto akiwa na homa. Bora yagunduliwe Januari.

Sauti nayo ni kifaa cha kazi. Darasa la watoto tisini halitulizwi kwa kupiga kelele. Lizoeshe ishara tangu wiki ya kwanza, iwe makofi matatu au mkono ulioinuliwa. Chupa ya maji ikae mezani, ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi la chaki lisiruke. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, tangawizi imeshindwa, nenda hospitali.

Mwenzenu akianza kuchelewa, kununa na kukaa peke yake, mwalimu mkuu amwite faragha na amuulize hali yake kabla ya kufikiria barua ya onyo. Huduma ya afya ya akili ipo katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa.

Hatua ya 6: Zungumzeni fedha waziwazi

Hapa ndipo usingizi wa walimu wengi unapopotelea. Mshahara wa Desemba mara nyingi hutoka kabla ya Krismasi, Januari inakuwa ndefu, na mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu inajua kalenda hiyo vizuri. Tumia nusu saa ya kikao cha kwanza kufanya hesabu ubaoni. Mkopo wa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unadai riba ya 60,000 kila mwezi. Ukilipa riba tu kwa miezi sita umetoa 360,000, na deni la 300,000 liko palepale. Kikomo cha riba kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 10,500 kwa mkopo huohuo.

Kisha toeni maagizo mawili. La kwanza, hakuna kumwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri, kwa sababu yoyote ile. La pili, kabla ya kusaini mkopo wowote wa kukatwa kwenye mshahara, mwalimu ahesabu kama makato yote yatamwachia angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mwenye 900,000 abaki na 300,000. Mwenye dharura aanzie SACCOS au mfuko wa kusaidiana wa ofisini, na kama mfuko huo haupo, kikao hichohicho kiuanzishe na kumchagua mweka hazina asiyeogopa kudai.

Hatua ya 7: Fungeni kundi la WhatsApp saa mbili usiku

Baada ya saa hiyo ziingie taarifa za msiba, ugonjwa na usalama wa wanafunzi pekee. Kanuni hii itavunjwa kwanza kutoka juu, kwa ujumbe wa "haraka sana" unaotaka idadi ya matundu ya vyoo. Kwa hiyo neno la mwisho ni lako, Afisa Elimu Kata: takwimu zikihitajika kesho asubuhi, ziombe leo kabla ya saa tisa alasiri, walimu wakiwa bado shuleni.