Tochi ya Kuzamia: Jinsi ya Kuchagua Yenye Mwanga wa Kubana na Kutanua
Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Itumba na Wilaya ya Ileje

Itumba ni mji wa milimani, na mtu anaweza kuuliza tochi ya kuzamia ina kazi gani huku juu. Jibu liko bondeni. Mto Songwe, ambao ndio mpaka wetu na Malawi, unashuka kutoka milima hii hadi Ziwa Nyasa, ziwa lenye kina cha takribani mita 700. Vijana wa Ileje hutelemka Kyela na Matema kutafuta riziki kwenye uvuvi na utalii. Wengine wamefundishwa kuzama kwa mtungi wa hewa, na wapo wanaojitolea kwenye uokoaji. Hao ndio tunaowaandikia, pamoja na ofisi au kikundi chochote kitakachotoa fedha kuwanunulia vifaa.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Giza lilipoingia, uokoaji ulisitishwa hadi asubuhi. Siku mbili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi mmoja wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko, mahali palipokuwa pamebaki hewa. Ndani ya chombo kilichopinduka ni giza hata saa sita mchana, na mzamiaji anayeingia humo anategemea mwanga alioushika mkononi. Kwa hiyo ununuzi wa tochi hii tunauchukulia kwa uzito uleule wa ununuzi wa mtungi.

Maji unayoingia ndiyo yanayochagua tochi

Watu wengi wakifika dukani huuliza kwanza tochi ipi ina mwanga mkubwa. Sisi tunashauri uanze na swali jingine: utazama kwenye maji ya namna gani?

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza mwezi wa Novemba na huweza kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo Songwe unabeba udongo wa mashamba yetu, na unapoingia ziwani unachafua maji ya ufukweni. Kila chembe ya udongo iliyo mbele yako inapigwa na mwanga na kuurudisha machoni pako. Ukiwasha mwanga mpana, unaangazia chembe nyingi mno kwa wakati mmoja, na mbele yako panakuwa ukuta mweupe. Dereva aliyewahi kupanda milima ya Ileje kwenye ukungu analijua jambo hili: akiwasha taa za full, haoni barabara. Kuongeza nguvu ya taa hakumsaidii, na majini ni vivyo hivyo.

Dawa yake ni kubana mwanga. Mwale mwembamba unaangazia chembe chache, kwa hiyo unafika mbali zaidi kabla haujameguka. Kisha nyoosha mkono pembeni, mbali na barakoa, ili mwanga uingie kwa ubavu na usifuate mstari wa macho yako. Punguza na nguvu ya taa. Ukitaka kuliona hili kabla ya kutoa fedha, chukua beseni refu la maji, koroga udongo kidogo, zima taa ya chumba, kisha mulika kutoka upande mmoja, kwanza kwa mwanga mpana, halafu kwa mwembamba. Mtu akiliona kwa macho yake mara moja, hahitaji maelezo mengine.

Penye mawe, mbali na midomo ya mito, Ziwa Nyasa ni maji ya namna nyingine. Maji ni maangavu, na samaki wadogo wa rangi wanaoitwa mbuna wamejaa kwenye mianya. Hapo mwanga mpana ndio unaopendeza, kwa sababu unaona jiwe zima na kila kinachotembea juu yake. Tochi ina kazi hata mchana, kwani maji huifyonza rangi nyekundu ndani ya mita chache za kwanza, na bila taa kila kitu kinageuka kuwa cha bluu au kijivu. Nkhata Bay, upande wa Malawi, wanaozama usiku hufuatwa na samaki warefu wa jamii ya mormirasi ambao wamejifunza kuwinda kwa msaada wa mwanga wa tochi.

Mzamiaji wa Ileje anaweza kukutana na maji yote mawili katika safari moja, maangavu kwenye mawe na ya matope karibu na mdomo wa mto. Hiyo ndiyo sababu tunaona inafaa kutoa fedha ya ziada kwa tochi yenye mwanga wa kubana na kutanua. Kwa mtu atakayezama kwenye maji ya mto tu, tochi yenye mwale mmoja mwembamba inatosha, na huwa imara zaidi.

Kusoma nyuzi

Upana wa mwanga hupimwa kwa nyuzi. Mwale mwembamba wa tochi za kuzamia huwa kati ya nyuzi 6 na 15, na mpana huanzia nyuzi 60 na kuendelea. Namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya hewani. Kioo cha mbele kikiwa bapa, mwanga hujikunja unapoingia majini na kuwa mwembamba zaidi: nyuzi 120 za hewani hubaki kama 80, nyuzi 90 hubaki kama 64, na nyuzi 10 hubaki 7 na nusu. Kwa hiyo usishangae tochi iliyojaza chumba kizima cha duka ikikupa duara dogo ziwani.

Dukani simama mita moja kutoka ukutani na umulike. Mwale wa nyuzi 10 utachora duara lenye upana wa sentimita 17 hivi, na wa nyuzi 90 utachora duara la karibu mita 2. Ukitanua na kubana ukaona duara likibadilika kidogo tu, maneno ya boksi si ya kweli. Angalia pia kama mwale uliobanwa una kitovu safi, au unatoa umbo la mraba na pete za giza. Mraba huo ni picha ya taa yenyewe, na utakusumbua unapotafuta kitu kidogo.

Kinachosogea ndicho kinachovuja

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tochi nyingi za kubana na kutanua zinazouzwa madukani, Tunduma ikiwemo, zina kichwa cha kuvuta mbele na kusukuma nyuma. Zimeundwa kwa ajili ya nchi kavu. Ukikivuta kichwa, nafasi ya ndani inaongezeka, na tochi inavuta kitu cha kuijaza nafasi hiyo. Nchi kavu inavuta hewa. Majini itavuta maji, hata kama mpira wake wa kuzuia maji ni mpya.

Kina nacho kina nguvu yake. Chukua kichwa chenye kipenyo cha sentimita 4. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 12.6. Kwenye kina cha mita 30, maji yanasukuma kwa karibu kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, zaidi ya msukumo wa kawaida wa hewa. Zidisha: kichwa hicho kinasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 38. Kichwa cha kuteleza kitarudishwa nyuma na kung'ang'ania hapohapo, na mwanga wako utabaki mpana kwenye matope.

Zipo njia mbili tunazoziamini. Ya kwanza ni tochi yenye taa mbili ndani ya kichwa kimoja, moja ya mwale mwembamba na nyingine ya mwanga mpana, ambapo unabonyeza tu kubadilisha na hakuna kinachosogea. Ya pili ni tochi yenye pete ya kuzungusha, ambayo sumaku yake inasogeza lenzi ndani bila tundu lolote kupita kwenye ganda. Swichi ya sumaku ni bora kwa sababu hiyohiyo. Muulize muuzaji aifungue mbele yako. Akikataa, au ukikuta mpira mmoja tu mwembamba mahali pa kufungulia, tafuta nyingine. Mipira miwili ni salama zaidi.

Soma kina kwa mita. Alama ya IP67 maana yake ni mita 1 kwa dakika 30, kiwango kinachofaa kwa mvua na kwa bahati mbaya ya kuangusha tochi kwenye ndoo. IPX8 peke yake haikuambii kitu mpaka mtengenezaji ataje mita. Uzamiaji wa kawaida wa burudani hauvuki mita 40, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa mita 100 au zaidi.

Lumeni za uongo

Namba za lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, zinaongopa kuliko namba nyingine yoyote kwenye boksi, lakini unaweza kuzikagua kwa hesabu ya darasa la saba. Taa ya LED ya kisasa hutoa takribani lumeni 100 kwa kila wati. Betri moja ya 18650, ile inayotumika pia kwenye pawabenki nyingi, ikiwa na volti 3.6 na ampea-saa 3.4, hubeba wati-saa 12 hivi. Lumeni 1,000 zinakula wati 10, kwa hiyo betri itadumu zaidi ya saa moja kidogo. Tochi ya betri moja inayodai lumeni 10,000 ingekula wati 100 na kuzimika baada ya dakika 7. Ikidai pia kuwaka saa tano kwa nguvu hiyo, irudishe kwenye rafu.

Kwa kazi zetu, lumeni 800 hadi 1,200 kwenye mwale mwembamba zinatosha, mradi tochi iwe na kiwango cha chini cha kutumia kwenye matope. Usiiwashe kwa nguvu zote muda mrefu nje ya maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza.

Mbili kwa kila mtu, na ishara

Usiku au ndani ya chombo kilichozama, kila mzamiaji anabeba tochi mbili: kubwa yenye kamba ya mkononi, na ndogo ya akiba iliyofungwa kwenye vifaa vyake. Duara linalochorwa polepole mbele ya mwenzako maana yake uko salama. Kupeperusha mwanga haraka huku na huku maana yake ni dharura. Ishara hizi huonekana vizuri kwa mwale uliobanwa, kwa kuwa duara la mwanga mpana halitambuliki. Usimmulike mwenzako machoni.

Tunalisema hili kwa msisitizo. Tochi haimfanyi mtu kuwa mzamiaji. Mto Songwe uliojaa una mkondo, magogo na matope, na umewazidi nguvu hata wanaoujua tangu utotoni. Mtu akichukuliwa na maji, piga 114 kuita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mtupie kamba au kitu kinachoelea, na mulika ukiwa ukingoni ili asipotee machoni. Mwale mwembamba unafanya kazi hiyo vizuri kabisa ukiwa umesimama mahali pakavu.

Jambo moja la kwetu watu wa milimani

Uso wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari. Njia ya kurudi nyumbani kupitia Tukuyu inapanda zaidi ya mita 1,000 juu ya hapo, na mwili uliotoka kuzama unaupokea mwinuko huo kama kupanda ndege. Naitrojeni iliyoingia mwilini inaweza kutengeneza mapovu, na mapovu hayo hulemaza na hata kuua. Wataalamu wa tiba ya uzamiaji wanashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na saa 18 baada ya kuzama mara kadhaa, kabla ya kuruka. Lala Matema au Kyela, urudi kesho yake.

Utunzaji

Baada ya kuzama, suuza tochi kwa maji safi ikiwa bado imefungwa, uifute, ndipo uifungue. Toa mpira, ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, uukague penye mwanga. Unywele mmoja au chembe moja ya mchanga wa Matema inatosha kupitisha maji. Paka grisi ya silikoni kidogo, mpira ung'ae tu. Grisi ya gari itauharibu. Ukisafiri kwa ndege kutoka Uwanja wa Songwe, betri za akiba za lithiamu zikae kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Ukiweka tochi kwa muda mrefu, toa betri na uache mfuniko ukiwa umelegea.