Kifilimbi cha Ndege Kimenyamaza

Swali: Nililetewa kifilimbi cha Audubon kutoka Marekani, kile kinachosokotwa badala ya kupulizwa. Sasa hakilii. Kimeharibika?

Jibu: La. Mlio wake hutokana na kipini cha bati kusuguana na tundu la mti, na msuguano huo hutegemea unga wa utomvu mkavu wa msonobari. Umekwisha tu. Chomoa kipini, nyunyiza unga kidogo, rudisha; ule wanaopaka wapiga fidla, ukisagwa, unafaa. Mafuta usitie kamwe! Kisha sokota taratibu huku ukikandamiza. Ndege atasogea kwa udadisi, au kwa kudhani eneo lake limevamiwa. Ndiyo maana nakusihi usikitumie karibu na kiota: mzazi akimsaka adui asiyekuwepo, makinda hukosa chakula.