Jinsi Bodi ya Mikopo Inavyopima Uhitaji wa Mwanafunzi

Ndugu wanafunzi wenzangu, mara nyingi jioni bwenini husikika mtu akisema, "Nikifaulu Kidato cha VI, Serikali itanisomesha." Mwingine humjibu, "Mkopo ni bahati nasibu tu." Wote wawili wamekosea. Basi nimeona yafaa nieleze jinsi fedha hizo zinavyogawanywa, tusije tukayajua mambo haya wakati umekwisha pita.

Asili ya Bodi

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Fedha inazotoa si sadaka. Ni deni. Aliyekopeshwa akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe, na fedha anayoirudisha humsaidia mwanafunzi mwingine. Mkopo una mafungu yake: ada, chakula na malazi, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fungu la chakula na malazi lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000.

Hesabu ya uhitaji

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua gharama ya masomo, toa uwezo wa familia. Kinachobaki ndicho uhitaji. Tuseme, kwa mfano tu, gharama ya mwaka ni shilingi 4,000,000, na wako waombaji watatu. Familia ya kwanza haina uwezo wowote: uhitaji ni 4,000,000. Ya pili yaweza kutoa 1,500,000: uhitaji ni 2,500,000. Ya tatu yaweza kutoa 4,500,000: hakuna uhitaji. Na kwa kuwa fedha haziwatoshi wote, wenye uhitaji mkubwa hutangulizwa. Ndiyo maana wawili waliofaulu sawasawa huweza kupewa viwango mbalimbali. Ufaulu humwingiza mtu chuoni, lakini kiwango cha mkopo hutokana na uhitaji.

Ugumu ulipo

Kutoa ni rahisi. Kazi ni kuujua huo uwezo. Kule Marekani vyuo navyo hutumia hesabu ya namna hii, lakini familia nyingi huko hupeleka taarifa ya kodi kila mwaka, na ofisi huipima familia kwa taarifa hiyo. Sasa fikirini habari ya mkulima wa mbaazi hapa Babati. Hana hati ya mshahara. Mwaka wa mvua njema na bei njema hununua bati. Mwaka mwingine huuza mbuzi apate sare za watoto. Uwezo wake utaandikwaje?

Kwa hiyo Bodi hutafuta dalili. Dalili hizo ni kama hizi:

(a) Yatima. Aliyefiwa na wazazi huonyesha cheti cha kifo.

(b) Ulemavu, wa mwombaji au wa mzazi wake, uliothibitishwa na mganga wa Serikali.

(c) Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini.

(d) Shule aliyosoma mwombaji. Aliyelipiwa ada kubwa katika shule ya binafsi huhesabiwa kuwa kwao kuna uwezo. Kama alilipiwa na mfadhili, yampasa alete barua ya mfadhili huyo.

(e) Kazi na kipato cha wazazi, kama kinajulikana.

Cheti cha kuzaliwa na cha kifo lazima vihakikiwe na RITA kwa Tanzania Bara, na kwa Zanzibar na wakala wa huko. Fomu nayo hupitia kwa viongozi wa mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu. Nyumba yako Bodi haiioni. Inaona karatasi zako.

Yaliyotupata nyumbani

Hapa nitaeleza la kwetu. Kaka yangu alipomaliza Kidato cha VI, cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu, na vyeti vya shule vilikuwa na jina la ukoo. Kosa lilikuwa letu. Hakuna aliyeangalia kwa miaka kumi na mitatu. Mpaka kiapo cha majina kilipopatikana, muda wa kuomba ulikuwa umekwisha. Akakaa mwaka mzima nyumbani akipalilia mbaazi.

Mwaka wa pili likazuka jingine. Baba yetu yu hai, ila hatujamwona tangu nilipokuwa darasa la pili. Mtu mmoja akamshauri mama aandikishe kwamba baba amefariki, akisema yatima hupata zaidi. Usiku ule hatukulala mapema. Ukweli ni kwamba tulikuwa kama yatima, na fedha tulizihitaji. Asubuhi mama akasema, "Sitamzika mtu aliye hai kwa sababu ya fedha. Kesho akibisha hodi nitamwambia nini?" Fomu ikaandikwa kweli tupu. Kaka akapata sehemu ya gharama, na iliyosalia mama huitafuta shambani. Yuko chuoni sasa.

Nimelifikiri sana jambo hili. Anayejiandika yatima naye si yatima haiibii Serikali tu. Fungu ni moja. Shilingi anayoichukua ilikuwa ya yatima wa kweli, pengine wa Magugu au Dareda, ambaye hatamjua kamwe. Lakini nasema pia kwamba dalili si kitu chenyewe. Ziko taabu zisizo na cheti, na yafaa wapimaji wazidi kutafuta njia ya kuziona.

Tufanye nini sasa

Tusingoje Kidato cha VI. Kwanza, likizo hii kila mmoja alinganishe majina katika cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, herufi kwa herufi. Ninyi wa Kidato cha I na cha II mna nafasi zaidi kuliko sisi, maana jina tuliloandikisha kwa mtihani wa Novemba ndilo litakalotufuata. Pili, asiye na cheti akitafute mapema. Tatu, mwenye mfadhili atunze barua zake. Nne, anayeona amepimwa vibaya asinung'unike bwenini. Bodi hufungua dirisha la rufaa, naye apeleke ushahidi.

Kusoma kwa bidii ni kazi yetu ya kwanza, lakini karatasi nazo ni sehemu ya masomo. Mkulima hodari hatengenezi jembe siku ya mvua.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV