MUHALI NA MSIMAMO

Leo tujifunze maneno mawili ambayo wengi huyatamka lakini wachache huyapima.

Muhali ni ile hali ya kushindwa kumkatalia mtu kwa kumwonea haya au kuogopa kuvunja udugu. Msimamo ni kanuni ambayo mtu amejiwekea mwenyewe, akaishika hata pasipo mtu wa kumtazama.

Hebu tutazame mfano. Mmekwenda kupunga upepo Mama Ngina hapa Kizingo, mnakula mihogo. Rafiki yako ajua kuwa wewe ndiwe mweka hazina wa chama. Akwambia, "Ndugu yangu, nikopeshe mia tano za chama, kesho nakurudishia. Ama huniamini?" Hapo ndipo muhali unapokukaba koo. Ukizitoa, umejinunulia sifa kwa mali ya wenzako. Kesho asipozileta, utaona muhali kumdai, na mkutanoni utaona haya kusema kweli. Muhali mmoja umezaa wa pili na wa tatu.

Watu watasema, "Mkataa wengi ni mchawi," na kwamba sisi wa pwani tumelelewa kwa kustahiana. Ni kweli, lakini heshima si woga. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa mtu wa Mombasa hii hii. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, gazeti dogo la Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Humo aliwaeleza watu wake mwenyewe makosa yao, kama vile kupuuza elimu na kuiga mambo ya wageni bila kuyapima. Angaliweza kunyamaza kwa muhali, maana aliowakosoa ndio aliokuwa akiishi nao. Hakunyamaza. Na heshima yake haikupungua: tangu 1937 hadi alipofariki 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Basi tushike kanuni tatu:

1. Amua mapema. Anayesubiri mpaka aombwe ndipo afikiri, huamuliwa na uso wa mwombaji.

2. Kataa jambo, usimkatae mtu. Mwambie, "Za chama sizigusi, lakini zangu ninazo hamsini, chukua."

3. Anza na nafsi yako. Ukiwanyima wenzako fedha za chama kisha wewe ukazichota, huo si msimamo, ni unafiki.

Wahenga walinena: heri nusu shari kuliko shari kamili. Rafiki akinuna siku mbili, hiyo ni nusu. Chama kikifilisika na jina lako likaharibika, hiyo ndiyo kamili.

Zoezi

(a) Tunga sentensi moja kwa kila neno: muhali, msimamo, unafiki.

(b) Ni jambo gani ulilolikubali muhula huu kwa muhali tu? Jibu la swali hili usimwonyeshe mwalimu. Jisomee mwenyewe.