Kupima Chanjo ya Homa ya Mapafu ya Mbuzi

Mfugaji mmoja wa Tunduma aliniuliza: “Bwana, mbona wenye kupima chanjo huwaacha mbuzi wengine bila kuchanjwa? Si kuwaonea?” Swali lake ni la haki.

Kijidudu cha homa hii kilipatikana mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1976, kikaitwa F38. Huenda kwa pumzi na kikohozi. Mbuzi aliyeshikwa hukohoa, huhema kwa taabu, hunyosha shingo, na wengi hufa. Chanjo iliyotengenezwa huko Kenya ni kijidudu hicho hicho kilichouawa, kikachanganywa na saponini, kitu cha mimea chenye povu kama sabuni, kinachouamsha mwili kujikinga.

Ili kuipima, waliochanjwa na wasiochanjwa huwekwa zizi moja na wagonjwa. Baadaye mapafu hutazamwa, maana mbuzi aweza kuonekana mzima na pafu lake limeshikana na mbavu. Kama wote wangalichanjwa wakabaki wazima, nani angalijua kwamba ni chanjo iliyowaokoa, wala si kwamba ugonjwa haukuwafikia? Kazi hii hufanywa katika mazizi ya watafiti, si katika zizi lako.

Wewe uchanje kundi zima kila mwaka, kwa kuwa kinga hudumu kadiri ya mwaka. Aliyekwisha ambukizwa haponywi na chanjo. Akifa, usiilaumu sindano. Na mbuzi uliyemnunua mnadani, akae mbali na wenzake muda usiopungua mwezi, hata akiwa amenona.