Arua kwa mgeni: makanisa, Ombaci na milima miwili

Ukitaja utajiri wa mpaka wa Uganda na Congo, wengi hufikiria dhahabu ya Kilo-Moto, ng'ambo ya Congo. Upande wa Arua, wageni walikimbilia pembe za ndovu. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipofariki Desemba 1909, eneo la Lado lililokuwa mikononi mwake, Arua ikiwa ndani yake, lilikaa kwa muda bila utawala wa kueleweka, na wawindaji wa Kizungu wakalivamia. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, West Nile, ikaunganishwa na Uganda, na Arua ikawa makao ya serikali.

Wawindaji walikwenda zao. Vya kutazama leo jijini, hadi pembezoni, ni mahali pa ibada na pa maziko, na bado panatumika. Kwa hiyo ruhusa huombwa kwa watu. Jifunze kusalimu kwa Kilugbara, lugha ya hapa, "Mi ngoni?", na kushukuru, "Awa'difo". Kiswahili nacho kitakusaidia sana sokoni na kwa waendesha boda, ila patana bei kabla ya kupanda.

Anzia Ediofe, kwenye kanisa kuu la Wakatoliki, makao ya jimbo lililoundwa mwaka 1958. Nenda Jumapili, kwa sababu jengo tupu halitakupa nusu ya kilichomo. Katika makanisa ya West Nile kwaya huimba kwa adungu, kinubi cha Waalur: gogo lililochimbwa ndani mfano wa mtumbwi, likawambwa ngozi, na shingo iliyopinda inayoshika nyuzi. Yako madogo ya kupakatwa, na yako makubwa ambayo sauti yake nzito utaisikia kifuani. Vaa nguo za heshima, kaa nyuma, usipige picha wakati wa ibada.

Waanglikana wako Mvara, kwenye Kanisa Kuu la Emanueli. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Arua mwaka 1918. Hapa palikuwa makao ya askofu Silvanus Wani, Mkakwa, aliyepewa uaskofu mkuu wa Uganda mwaka 1977 baada ya mtangulizi wake, Janani Luwum, kuuawa na utawala wa Idi Amin, Mkakwa mwenzake. Keti na mzee wa kanisa akusimulie mwaka ule ulivyokuwa.

Kisha nenda Ombaci, nje kidogo ya mji. Wageni wengi hupapita, na nawasihi wasipapite. Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile, eneo la asili yake, walibebeshwa makosa yake. Maelfu walikimbilia Congo na Sudan. Baadhi ya waliobaki walijihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, na tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali waliwafyatulia risasi humohumo. Waliokufa ni raia, wakiwemo watoto. Piga hodi misheni kwanza, na usimhoji aliyenusurika mpaka aanze mwenyewe. Ukiweza, panga safari yako iangukie siku ya kumbukumbu.

Milima ni miwili, nayo inahitaji siku nzima kila mmoja. Katika masimulizi ya Walugbara, mababu wawili mashujaa, Jaki na Dribidu, walitoka kaskazini wakazaa koo zao. Jaki alifia mlima Liru, karibu na Koboko, na Dribidu mlima Wati, huko Terego. Mwone mwenyekiti wa kijiji (LC1) kabla ya kupanda, akupe kijana wa kukuongoza na akuambie pasipokanyagwa. Anza alfajiri, beba maji.

Ukifika Koboko, uliza njia ya Salia Musala, mahali Uganda, Congo na Sudan Kusini zinapokutana. Chukua kitambulisho au pasipoti, na usivuke hata hatua chache bila kugongewa muhuri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mfukoni. Kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani usivipige picha kabisa. Simu ikichukuliwa hapo, kurudishiwa ni kazi ya siku nzima.