Hana maumivu, picha za kila mwaka za nini?

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 72. Mwaka juzi, huko India, aliwekewa bomba kupitia kinena, ndani ya mshipa mkuu wa damu tumboni uliokuwa umevimba. Sasa hana maumivu, ila tumbo humdunda, na shangazi humkanda kwa mafuta ya karafuu. CT-skani ya mwaka huu ameikataa, anasema mionzi italeta saratani. Ultrasaundi haitoshi? – Binti yake, Tanga.

JIBU: Binti yangu, nianze na shangazi, kwa heshima zote: tumbo hilo aache kulikanda leo. Kinachodunda si chango, si ngiri, wala si upepo. Ni damu inayosukumwa na moyo. Huenda mdundo huo hauna neno, huenda damu inavuja pembeni ya bomba. Vidole haviwezi kujua. Kukandamiza kwa nguvu mshipa uliovimba kunaweza kuumiza ukuta wake au kumegua damu iliyoganda ndani. Tena mgonjwa akishakandwa huona ametibiwa, na kliniki inasogezwa hadi baada ya mfungo, kisha baada ya mavuno. Wa namna hiyo nimewapokea wengi, na siku wanayoletwa hakuna tena anayetembea.

Hilo la “hana maumivu” ndilo linalonichosha zaidi. Operesheni ya baba haikuondoa uvimbe; ule ukuta mbovu bado upo, bomba limepita katikati yake tu. Damu ikipata upenyo, uvimbe hukua kimyakimya miezi na miaka. Nchini Uingereza, utafiti wa EVAR 1 uliwafuatilia wagonjwa kwa takriban miaka 15, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba walioingiziwa bomba walianza vizuri kuliko waliopasuliwa tumbo, kisha nafuu hiyo ikapotea miaka ya baadaye, sababu mojawapo ikiwa uvimbe kupasuka baadaye. Ndiyo maana picha ni za maisha yote.

Mionzi ipo, sikatai. Lakini kwa mzee wa miaka 72, hatari ya mshipa kupasuka bila kuonekana ni kubwa kuliko saratani anayoiogopa. Figo ndizo za kuuliza: apimwe kreatinini kabla ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha.

Ultrasaundi? Ndiyo, inaweza kutosha, kama CT za mwanzo hazikuonyesha uvujaji na uvimbe haujaongezeka. Haina mionzi na ni nafuu. Ila inategemea mikono ya mpimaji, na gesi tumboni huziba picha, kwa hiyo aende bila kula. Bomba likihama au waya zake zikikatika inaweza isione. Eksirei ya kawaida husaidia hapo. Uvimbe ukiongezeka milimita 5 au zaidi, CT haikwepeki. MRI waachieni wataalamu waamue.

Mwaka huu tayari mmechelewa. Mpeleke wiki hii, na mbebe sidii za picha za India, maana bila kipimo cha zamani hakuna wa kusema kama uvimbe umekua. Uvujaji ukigunduliwa mapema, mara nyingi huzibwa kupitia kinena tena, bila kupasua tumbo.

Akishikwa ghafla na maumivu ya tumbo au mgongo, au kizunguzungu na jasho baridi, msipitie zahanati, msingoje kupambazuke. Moja kwa moja hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji na damu ya kuongezea, na mlangoni mseme ana bomba kwenye mshipa mkuu.